Kijitabu cha Mgeni wa Belgrade

Mpwa wangu alinijia jioni moja ya Agosti 2025 na bahasha kubwa kwapani. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma Serbia, kwa ufadhili ambao nchi hiyo ingali ikiwapa vijana wa nchi zisizofungamana na upande wowote, na ndani ya bahasha mlikuwamo barua ya chuo, fomu za viza na kijitabu chembamba cha maelekezo kwa wageni. Akasema, "Shikamoo mjomba. Wewe uliishi huko. Hebu kipitie hiki uniambie kama kinasema kweli."

Nilivaa miwani nikakisoma usiku ule ule mpaka mwisho. Asubuhi nilimwambia kwamba kinasema kweli karibu kila ukurasa, lakini asikitegemee sana. Hakunielewa, na sikumlaumu, maana nilikuwa sijajieleza. Haya ninayoyaandika ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, ijapokuwa yeye ameshaondoka na kijitabu kimebaki kwangu, mezani, kikishikilia mlango wa kabati usifunguke.

Nianze kwa kueleza ninavyoijua nchi hiyo, ili msomaji apime mwenyewe kama nina haki ya kuhukumu. Nilifika Belgrade Septemba 1983, kijana wa miaka 21 kutoka Tanga. Mwaka wa kwanza nilisomeshwa lugha tu, kisha nikasoma kilimo katika kitivo kilichoko Zemun, ng'ambo ya mto Sava. Nchi wakati ule iliitwa Yugoslavia. Sisi hatukupewa kijitabu chochote. Tulijua kwamba mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika katika mji ule Septemba 1961, kwamba Tito alifika Tanzania mwaka 1970, na kwamba kulikuwa na bweni la wanafunzi lililoitwa kwa jina la Patrice Lumumba. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelekezo yetu. Hakuna aliyetuambia habari za košava, upepo wa kusini-mashariki unaovuma siku kadhaa mfululizo, ukapita katika koti la mtumba kama vile hukuvaa kitu.

Kijitabu cha mpwa wangu, kwa haki yake, kinaitaja košava. Kinataja mambo mengi ya manufaa ambayo ningefurahi kuyajua mwaka ule. Kinasema fedha ni dinari, kwamba ubadilishe kwenye vibanda viitwavyo menjačnica, kwamba euro moja huvuta dinari kama 117 na kwa miaka mingi haijaondoka hapo, kwamba kadi zinapokelewa mijini lakini sokoni na vijijini utembee na noti. Kinatoa namba za dharura: polisi 192, zimamoto 193, gari la wagonjwa 194. Kinaeleza kwamba ukiingia Kosovo kutoka nchi nyingine kisha ukataka kuvuka kuja Serbia, unaweza kurudishwa mpakani, kwa kuwa Serbia haikutambui kuwa uliingia kihalali. Haya yote ni sawa, na mwandishi wake, ambaye hakuandika jina, anastahili shukrani.

Kasoro ya kwanza ni ndogo, lakini inaonyesha jicho la mwandishi limekaa wapi. Anamdhania msomaji kuwa Mzungu. Anasema wageni wengi hawahitaji viza kwa siku 90. Wageni gani? Mtanzania anahitaji. Mrundi naye aliondolewa viza mwaka 2018, lakini ilipofika Oktoba 2022 akarudishiwa, baada ya Umoja wa Ulaya kulalamika kwamba watu wanatua Belgrade kwa ndege halafu wanashika njia ya kaskazini kwa miguu. Kuhusu umeme, kijitabu kimenyamaza, maana Mjerumani akija na chaja yake inaingia ukutani bila taabu. Sisi wa pini tatu nene tunabaki tumeishika mkononi, usiku, simu imezima, na jamaa nyumbani hawajui kama umefika. Nilimwandikia mpwa wangu jambo hilo pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyekundu: nunua kiunganishi hapa hapa Dar es Salaam.

Wala hakisemi kwamba watu watamtazama. Watamtazama. Katika miaka yangu mitano watoto waliniomba kugusa nywele, wazee waliniuliza habari za Nyerere, na mara moja ndani ya basi mtu mmoja alinitamkia neno ambalo sitaliandika. Bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu alisimama akamkemea yule bwana kutoka kituo kimoja hadi kingine, mpaka akateremka kabla ya safari yake kwisha. Kijana anayekwenda huko anahitaji kuambiwa mambo hayo yote mawili, neno la yule bwana na kikapu cha yule bibi.

Kasoro ya pili ni kwamba maelekezo ya namna hii huoza upesi kuliko ndizi mbivu, na waandishi hawapendi kukiri. Kijitabu kina ukurasa mzima kuhusu tiketi za mabasi ya mjini, jinsi ya kuzinunua na jinsi wakaguzi walivyo wakali. Tangu 1 Januari 2025 mabasi ya mji wa Belgrade hayatozi nauli. Kinamwelekeza msafiri kwenye kituo cha zamani cha mabasi, ambacho kilihamia Novi Beograd mwaka 2024. Stesheni kuu ya reli, ile ya rangi ya manjano niliyoshukia mimi na sanduku langu la bati, ilijengwa mwaka 1884 na ikafungwa mwaka 2018. Kinaisifu treni ya mwendo kasi ya kwenda Novi Sad, iliyoanza Machi 2022, dakika 36 tu, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini tarehe 1 Novemba 2024 dari la zege la kibaraza cha stesheni hiyo ya Novi Sad liliporomoka, wakafa watu 16. Kutokana na msiba ule wanafunzi wa nchi nzima walifunga vyuo vyao kwa miezi mingi, wakawa wanasimama barabarani saa tano na dakika 52 asubuhi, saa ile ile ya ajali, kimya, dakika moja kwa kila aliyekufa. Mpwa wangu anakwenda kuketi darasani na vijana hao. Kijitabu hakina habari, bila shaka kwa sababu kilichapwa mapema, na simlaumu mtu kwa kutoijua kesho. Ninachosema ni kwamba mambo yanayodumu ndiyo yaliyopewa mistari michache, na yale ya kuoza ndiyo yaliyopewa kurasa.

Chukua habari ya maandishi. Kijitabu kinaonya kwamba Waserbia wana abjadi mbili, ya Kisirili na ya Kilatini, kisha kinampoza msomaji: usijali, vijana wengi wanajua Kiingereza. Huo ni uvivu. Abjadi ya Kisirili ina herufi 30 na mtu mzima hujifunza kwa siku mbili tatu. Wiki yangu ya kwanza niliona kila mtaa duka limeandikwa ПЕКАРА, herufi ya kwanza kama goli la mpira na nyingine zikinidanganya kwamba ninazijua. Nilidhani ni jina la tajiri mmoja mwenye maduka mji mzima. Kumbe ni "pekara", mahali pa kuoka mikate, na nilikuwa nimepita njaa mbele ya milango kumi. Ukishazijua herufi, Mswahili una bahati kuliko Mwingereza, kwa kuwa Vuk Karadžić, aliyetoa kamusi yake mwaka 1818, alisisitiza kila sauti iwe na herufi yake moja na kila herufi isomwe. Ni kama lugha yetu. Kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, na mwalimu wangu wa lugha alishangaa kuona wanafunzi kutoka Afrika Mashariki wanasoma gazeti kwa sauti wiki ya pili, ingawa hatukuelewa hata neno.

Hata hilo la kutoelewa halikuwa la kweli kabisa. Siku moja mama mwenye nyumba niliyopanga Zemun aliniambia nisogeze "sanduk". Nikasogeza sanduku. Akaniuliza kama nina "sapun". Nikampa sabuni. Tukatazamana. Jioni ile mimi na mumewe tuliketi na karatasi tukaandika: sat ni saa, čaj ni chai, dućan ni duka, barut ni baruti, bakšiš ni bakshishi. Waturuki waliushika mji wa Belgrade mwaka 1521 na kikosi chao cha mwisho kikatoka mwaka 1867, na maneno ya Kiarabu na Kiajemi yalipita kwao kwenda Danube, kama yalivyopita katika majahazi kuja Tanga. Wana neno "inat", maana yake ukaidi wa kumkomoa mwenzio hata kama wewe mwenyewe utaumia, na wanaamini hakuna taifa jingine lililo na neno hilo. Nilimwambia mzee kwamba sisi tuna "inadi". Alifurahi kama mtu aliyepata ndugu yake mpotevu. Na neno la kwanza la Kiserbia alilojifunza kila mwanafunzi wa Kitanzania bila kufundishwa ni "polako", yaani polepole, japo hilo najua limefanana kwa bahati tu.

Nimefika kwenye nyumba, na hapa ndipo ugomvi wangu na kijitabu unapoanza hasa.

Kuhusu mgeni aliyealikwa nyumbani, kijitabu kina orodha nzuri. Vua viatu, utapewa ndara. Peleka kahawa au chokoleti, na maua yasiwe ya idadi shufwa, kwa kuwa hayo ni ya makaburini. Utaletewa kijiko cha slatko, matunda yaliyopikwa kwa sukari mpaka yakawa mazito, pamoja na glasi ya maji. Utaletewa kahawa iliyochemshwa katika kijungu chenye mkono mrefu, na kipande cha ratluk pembeni. Hilo mtu wa Tanga haelezwi mara mbili, amekunywa kahawa chungu na kashata tangu utotoni. Halafu kinasema utamiminiwa rakija, pombe kali ya matunda, na kwamba kuikataa ni kumtukana mwenyeji.

Si kweli. Mimi ni Mwislamu, na sikuwahi kuonja rakija hata tone kwa miaka mitano. Siku ya kwanza nilieleza kwa lugha yangu mbovu kwamba dini yangu hainiruhusu. Mzee akanyamaza kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaniwekea kiglasi kile mbele yangu hivyo hivyo, kwa sababu meza haiwezi kuwa na mtu asiye na glasi, na tuliposema "živeli" nilikiinua nikakirudisha. Wiki iliyofuata mama alikuwa amekwisha tengeneza chupa za sharubati ya maua ya mti uitwao zova, yangu peke yangu. Mwandishi wa kijitabu hakumfikiria mgeni kama mimi, na matokeo yake ni kwamba kijana atakwenda akiamini kuna nyumba asizoweza kuingia. Wala hataambiwa kwamba katikati ya Belgrade upo msikiti wa Bajrakli, wa karne ya 16, uliochomwa moto katika ghasia za Machi 2004 ukakarabatiwa, na kwamba Ijumaa utawakuta humo watu wa mataifa mbalimbali.

Kijitabu kinaieleza pia slava, siku ya mtakatifu wa ukoo, ambayo baba humrithisha mwanawe, na ambayo mwaka 2014 iliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya urithi. Kinasema ni heshima kubwa kualikwa. Lakini desturi yenyewe ni kinyume chake: kwenye slava mtu haalikwi. Mwenye nyumba huwasha mshumaa, huweka mkate na ngano iliyopikwa, kisha hungoja, na anayemkumbuka huja. Nilikaa chumbani kwangu slava ya kwanza, ya Mtakatifu Nikola, tarehe 19 Desemba, nikisubiri kuitwa kama nilivyofundishwa nyumbani kwamba mgeni hajikaribishi. Saa tatu usiku mama alipanda ngazi kunitazama, akadhani naumwa. Nilipomweleza, akashika kiuno akacheka, halafu macho yakamlengalenga. Chini kulikuwa na samaki na maharage ya kuoka, hakuna nyama, kwa sababu siku hiyo huangukia ndani ya mfungo wao, na mimi nikala kila kilichokuwa mezani bila kuuliza.

Hivi ndivyo kijitabu kinavyokosea, kwa kugeuza kila jambo kuwa hatua ya tahadhari. Usiguse hiki, usikatae kile, subiri uitwe. Ukifuata yote utapita katika nchi bila kumkosea mtu na bila kumhitaji. Huenda baadhi ya wasafiri ndicho wanachokitaka, na siwezi kuwasimanga, lakini mpwa wangu anakwenda kukaa miaka minne.

Sasa nitaje ukurasa ulionikera mpaka nikaamka kitandani. Ni ukurasa wa mwisho, na una shauri moja tu: usizungumzie vita vya miaka ya 1990, wala Kosovo, wala mabomu ya NATO. Mgeni asiulize. Naujua ukurasa huo, kwa kuwa niliusoma katika kijitabu kingine cha aina hiyo mwaka 2019, ndani ya ndege, na nikautii.

Niliondoka Belgrade mwaka 1988. Tuliandikiana barua mimi na familia ile ya Zemun mpaka vita vilipoanza, kisha Mei 1992 vikaja vikwazo vya Umoja wa Mataifa na barua zangu mbili zikarudi. Mambo ya maisha yakanishika. Nilipostaafu nikasema nitakwenda kuwatafuta. Sikuwa na simu yao, nilikuwa na mtaa na namba ya nyumba tu. Nilibisha hodi. Aliyefungua ni mama mwenyewe, miaka 81, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinitazama kitambo, akasema, "Sine, umekonda." Neno hilo maana yake mwanangu, na mama wa Kiserbia humwita hivyo hata binti yake, kama sisi tunavyomwita mtoto wa kiume baba.

Alikataa katakata nisilale hotelini, na hapo sheria ikatuingilia. Mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hotelini hufanyiwa, lakini ukilala kwa mtu binafsi, mwenye nyumba ndiye anayekuandikisha, na unapewa karatasi iitwayo beli karton, kadi nyeupe. Kijitabu kinaeleza hilo barabara, kwa mstari mmoja. Siku hizi mwenye nyumba anaweza kufanya hivyo hata kwa intaneti. Mama hakuwa na intaneti. Alivaa koti lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda polepole kwa goti lake bovu, tukapanga foleni. Dirishani alimwambia askari, na foleni nzima ikasikia, kwamba mtoto wake amerudi. Askari akatazama pasipoti, akanitazama mimi, akamtazama bibi, akagonga mhuri.

Mumewe alikuwa amefariki mwaka 2004. Nilikaa siku tatu. Niliuliza habari za mzee, za mti wa plamu uani, za paka, za majirani, za bei ya mkate. Alinionyesha noti ya dinari 500,000,000,000 ya mwaka 1993, yenye sura ya mshairi Jovan Jovanović Zmaj, aliyoitumia kuwekea alama katika kitabu cha sala, akanieleza jinsi mzee alivyokuwa akipokea pensheni na kukimbia nayo dukani kabla haijageuka karatasi. Tulicheka sana. Jambo moja sikuliuliza. Nyumba ile ilikuwa na mwana mmoja, mdogo wangu kwa miaka minne hivi, aliyenifundisha kuteleza kwenye barafu na kunicheka nilipoanguka. Picha yake ilikuwa juu ya kabati, amevaa shati jeupe, mbele yake kikombe chenye ua. Alikuwa na miaka 25 vita vilipoanza, mwaka 1991. Nilihesabu mwenyewe nikajijibu mwenyewe. Usiku wa kwanza nilimwombea marehemu.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinifungia chakula cha njiani, akaketi, hakuinuka. Akasema, "Umeniuliza habari za paka. Yeye hukumwuliza."

Nikamwambia kwamba niliogopa kumtonesha kidonda. Akashangaa. Kidonda gani? Mwanawe yupo Kanada, ana watoto wawili. Msimu ule wa 1991, walipokuwa wakiwakusanya vijana kuwapeleka mbele ya Vukovar, alilala nyumba hii leo na ile kesho, kama wenzake wengi wa mjini, kisha akavuka Hungaria. Mzee hakulitaja tena jina lake mbele ya watu mpaka anakufa. Majirani hawakuuliza, mwanzoni kwa sababu ilikuwa aibu, baadaye kwa sababu walikuwa wamezoea kutouliza. Yeye alikuwa amengoja siku tatu, akifikiri kwamba huyu wa mbali, ambaye hana upande katika mambo yao, ataniuliza, na mimi nitamwambia. Kile kikombe chenye ua kilikuwa cha maua tu, aliyapenda hapo karibu na dirisha.

Tulikuwa na dakika arobaini kabla ya teksi. Alizungumza zote arobaini.

Nisiseme kwamba shauri la kijitabu halina sababu. Siku moja kabla, ndani ya basi la Novi Sad, nilimwuliza abiria mwenzangu, mtu wa makamo, kama yale ndiyo madaraja yaliyovunjwa na NATO mwaka 1999, maana Novi Sad ilipoteza yote matatu yaliyovuka Danube. Aligeukia dirishani na hakunijibu mpaka tunafika. Nilistahili. Niliuliza kama mtalii anavyouliza saa ya kufunga makumbusho.

Lakini kijitabu kinamwambia mgeni anyamaze bila kumwambia ananyamazia nini. Kingekuwa na nusu ukurasa tu! Kwamba Vukovar, huko Kroatia, ulianguka Novemba 1991 baada ya kuzingirwa siku 87. Kwamba Julai 1995 huko Srebrenica, Bosnia, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliua wanaume na wavulana Waislamu zaidi ya 8,000, kwamba mahakama za kimataifa ziliyaita mauaji ya kimbari, na kwamba watu wengi Serbia hawalikubali neno hilo. Kwamba mabomu ya NATO yalianguka siku 78, kuanzia 24 Machi 1999, na jengo la makao makuu ya jeshi lilibaki gofu katikati ya mji kwa zaidi ya miaka 20, watu wakipita chini yake kwenda kazini. Kwamba Kosovo ilijitangazia uhuru mwaka 2008 na Serbia haijaukubali. Mimi kama Mwislamu nilikuwa na haja ya kuyajua hayo kabla sijaketi mezani, na nilipoyajua sikuipenda nyumba ile ya Zemun pungufu, ila nilijua ninaketi wapi. Kijana anayeyajua hayo ataweza kutambua ni nani asiulizwe, na ni mama yupi ameketi na koti la kanisani akingoja swali.

Pembeni ya ukurasa huo wa mwisho sikuandika kitu kwa kalamu nyekundu. Niliuchana, nikampa mpwa wangu karatasi nyingine yenye mtaa, namba ya nyumba na, safari hii, namba ya simu. Nilimpa na kilo mbili za kahawa ya Kilimanjaro, nikamwambia asingoje kualikwa, na swali la kwanza limhusu mwana wa Kanada. Mama sasa ana miaka 87.

Alifika mwishoni mwa Septemba. Sikupata ujumbe wake mpaka siku ya pili usiku, na nikaudhika, nikidhani amesahau kiunganishi cha umeme. Hakusahau. Aliandika: "Mjomba, nimefika kwa bibi. Tumempigia yule wa Kanada. Lakini bibi amefunga madirisha yote, anasema upepo ukipita kati ya dirisha na mlango nitapooza shingo, na mimi humu ndani nasikia joto vibaya. Nifanyeje?"

Nilimjibu avumilie. Huo wanauita promaja, na kijitabu kimeutaja, ukurasa wa 22.